Gunia la lumbesa: mchoma mkaa alipwe kwa gunia au kwa kilo?

MchomaMkaa
Wadau, habari za jioni. Nachoma mkaa kwenye msitu wa kijiji, wilayani Kilosa, kwa kibali. Tanuri la mwisho lilichukua siku kumi na mbili, na usiku nililala palepale porini, maana udongo ukitoboka hewa ikaingia, asubuhi unakuta majivu. Mnunuzi kaja na magunia yake, juu yameshonewa kofia yajae kupita kiasi, ndiyo lumbesa yenyewe. Nikaazima mzani wa watu wa ufuta: gunia moja kilo 83! Mimi ananilipa kwa gunia, na ushuru wa kijiji analipa kwa gunia. Nikisema tupime, anatishia kwenda kijiji cha jirani. Kwenu mnafanyaje?

MamaMkaa_Tandika
Pole kaka. Ila usidhani lumbesa tunaila sisi wa rejareja. Gunia nalipia zima, chini nakuta chenga na vumbi, na mteja wa kopo hataki chenga. Siku hizi wengi chai wanachemshia gesi, lakini maharage na makande bado wananijia mimi. Nami nataka kununua kwa kilo.

MjumbeMaliasili
Ndugu yangu, hiyo lumbesa inakuumiza wewe na msitu pia. Mradi wa mkaa endelevu ulipoanza Kilosa mwaka 2012, msitu uligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50: unavuna kimoja, cha jirani unakiacha, visiki vichipue, mzunguko miaka 24. Hapo ndipo tungamotaka, yaani kuni na mkaa, inakuwa nishati jadidifu kweli, inayoota upya. Sasa doria inalipwa na ushuru. Kilo 83 zikipita kwa ushuru wa gunia moja, anayelinda hayo machipukizi atalipwa na nani?

Pelekeni hoja mkutano mkuu wa kijiji, mtunge sheria ndogo: ushuru kwa kilo, mzani uwe getini. Lakini kaeni kwanza na kijiji jirani wapitishe hiyohiyo, la sivyo mnunuzi atawahama kweli. Na msiambiwe mkaa unakwisha kesho. Mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Hata ukitimia, mmoja kati ya watano atabaki nje.

MchomaMkaa
Hilo la kijiji jirani sikuliwaza kabisa. Mwenyekiti wao ni shemeji yangu, Jumapili naenda. Mzani tukiununua, lazima Wakala wa Vipimo waugonge muhuri kwanza?

MjumbeMaliasili
Lazima. Mkianza kupima bila muhuri, mnunuzi atakuwa wa kwanza kuukataa.