Gumzo la ukoo wa Langoni: daraja la Rufiji na ndia ya Gamba

Shee: Asalaam aleikum jamaa. Nimevuka daraja la Mkapa sasa hivi, naelekea Kilwa. Rufiji umejaa, lakini barabara kavu.

Halati Fatma: Waaleikum salaam mwanangu, alhamdulillahi. Ndilo lile refu?

Shee: Ndilo, Halati. La zege, mita 970 hivi. Lilifunguliwa 2003, Mkapa akiwa rais. Zamani watu wa Lindi na Mtwara walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea kusini yote imekatika.

Ami Athman: Kama sisi Garsen, kwenye ndia ya kwenda Lamu, kabula ya daraja la mto Tana. Feri ya kuvuta kwa kamba.

Mwanaesha: Na daraja la Tana lipo, Ami, lakini Novemba 2023 Lamu ilikatika, na 2024 tena! Maji yalipita juu ya lami Gamba na Lango la Simba, kwenye barabara ya Garsen kwenda Lamu, watu wakavushwa kwa boti.

Halati Fatma: Mboga za bara hazikuya. Na mgonjwa wa kupelekwa Mombasa hana ndia. Moyo wangu hautulii kila mvua ikianza.

Shee: Huku pia. Daraja lilikwisha kujengwa, lakini barabara ya Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, ilibaki vumbi na tope miaka mingi. Na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande huo wa Somanga. Daraja kubwa limesimama vile vile.

Ami Athman: Hilo ndilo nisemalo siku zote. Mto mkubwa ukifurika haukai mkondoni, watandaa bonde zima. Daraja likiwa yuu na tuta la barabara liko tini, mai yatapita hapo tini. Gamba panataka tuta liinuliwe, NA makalavati, yale matundu ya kupitisha mai tini ya barabara, mapana, mengi. Tuta lisilo matundu ni ukuta: mai yatarudi nyuma yazamishe mashamba na nyumba za watu wa Tana. Wao nao wana haki.

Mwanaesha: Ami, mwakilishi wa wadi ameitisha kikao cha barabara Alhamisi baada ya Alasiri. Nakuomba uje uyaseme haya haya.

Ami Athman: Nitakuya inshallah.

Mwanaesha: Shee, tutumie picha. Za tuta, si za daraja tu.

Shee: Nikirudi nitapanda basi la asubuhi, nikae dirishani.

Ami Athman: Piga na makalavati, mwanangu. Nataka waone upana wake.