Kruzi na mtoto wa miezi 9 na wa miaka miwili na nusu, mliowahi naombeni ushauri

MamaWawili:
Habari zenu wadau. Naomba kusikia kwa waliowahi kupanda hizi meli kubwa za kitalii wakiwa na watoto wadogo kabisa. Tupo Houston, mume wangu kapata likizo ya wiki moja mwezi wa tatu, na kwa kuwa Galveston ni kama saa moja tu kwa gari tukaona badala ya kuhangaika na watoto eapoti tuchukue kruzi ya siku tano, inapita Cozumel na Progreso kule Mexico halafu inarudi palepale Galveston. Hatujalipa bado, tumeshikiliwa chumba mpaka Ijumaa.

Wa kike ana miaka miwili na nusu, pampasi ndo anajaribu kuacha ila bado bado, na anapenda maji kuliko kitu chochote. Wa kiume atakuwa na miezi 9, ananyonya na anakunywa uji wa lishe asubuhi na jioni, uji ukichelewa nyumba nzima inajua. Nataka kujua watakula nini, watalala wapi, na wakiumwa katikati ya bahari inakuwaje.

Halafu kuna mama mkwe. Ni mtu wa Pemba, ile Spice Islander ilivyozama Septemba 2011 alipoteza majirani, na tangu hapo boti anapanda akilazimika tu. Jana kwenye simu kamwambia mwanawe "wajukuu zangu msiniwekee baharini". Mume wangu anasema hizi ni meli tofauti, lakini tofauti yenyewe nini hajui kumweleza, na mimi sijui. Sitaki kwenda huku mama analia nyumbani.

BabaNaima:
Dada pole na hongera kwa watoto. Sisi tulitoka hapo hapo Galveston mwaka jana tukitokea Dallas, wa kwetu alikuwa na miezi 11 na dada yake Naima miaka mitatu. Kwanza miezi 9 anaruhusiwa, kampuni nyingi zinaanzia miezi 6, na zile safari za kukaa baharini siku nyingi mfululizo kama kuvuka Atlantiki au kwenda Hawaii ndo wanataka afike mwaka mmoja. Huyo mko sawa.

Sasa huyo anayependa maji, hapo ndo tuliumia. Mtoto wa pampasi haruhusiwi kwenye bwawa lolote la meli, na siyo pampasi ya kawaida tu hata zile za kuogelea haziruhusiwi, ni utaratibu wa CDC, idara ya afya ya Marekani, kwa meli zinazotoka huku na mlinzi wa bwawa hana ruhusa ya kulegeza. Sisi tulikuja kulijua tukiwa tumeshavaa tayari tuko pembeni ya maji, Naima alilia mpaka sauti ikakauka na mimi roho iliniuma sana maana ndicho kitu pekee tulichomuahidi. Kuna meli chache zina sehemu ndogo ya kurusha maji iliyotengenezwa maalum kwa watoto wa pampasi, ina uchujaji wake wa maji. Kabla hujalipa piga simu uliza meli HIYO kwa jina, usiulize kampuni, kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na meli inayo na nyingine haina.

Swali la pili la kuuliza kwenye simu hiyo hiyo ni nasari. Royal Caribbean wana nasari ya miezi 6 mpaka 36 kwenye meli zao nyingi na Disney wanapokea kuanzia miezi 6, zote unalipia kwa saa, na nafasi ni chache kwa hiyo unaweka mapema. Carnival watoto wa miaka miwili wanaingia klabu yao ya watoto bure hata kama wana pampasi, ila chini ya miwili hapana. Royal klabu ya bure ni mpaka awe na mitatu na awe ameacha pampasi. Kwa hiyo kwa watoto wako wawili jibu linabadilika kabisa kulingana na meli, sisi tulichagua kwa bei na bandari, tukirudia tutachagua kwa nasari na maji, maana bandarini unakaa masaa machache, melini ndo unakaa.

Mizigo mikubwa mkiikabidhi inafika chumbani jioni, kwa hiyo begi la mkononi liwe na pampasi, maziwa, nguo za kubadili na dawa za siku nzima. Na pampasi beba zenu, dukani mle zipo chache na bei yake utashangaa.

NesiMaua:
Mimi ni nesi wa watoto hapa Minnesota, naongezea upande wa afya.

Kichefuchefu cha bahari watoto chini ya miaka miwili hawakipati sana, wanaokipata zaidi ni kuanzia miwili mpaka kumi na mbili hivi, kwa hiyo mwangalie zaidi dada mtu kuliko huyo mchanga. Chukueni chumba cha katikati ya meli na deki za chini, pale meli inayumba kidogo kuliko mbele na juu. Dawa za kuzuia kutapika usimpe mtoto kwa kukisia, nenda kwa daktari wao kabla ya safari akuandikie ipi na kiasi gani kwa uzito wake.

Kinachowaangusha watoto melini hasa ni tumbo, norovirus. Na hapa watu wengi wanakosea, ile jeli ya mikono yenye spiriti haikiui vizuri kirusi hicho, ni maji na sabuni sekunde ishirini, kabla ya kula na kila ukibadilisha pampasi. Huyo wa miezi 9 kila kitu anatia mdomoni, beba vitambaa vyako vya kufutia meza na kiti cha kulia. Beba na paketi za maji ya chumvi chumvi za kuzuia kuishiwa maji mwilini na dawa ya homa mliyoizoea.

Daktari melini yupo ila siyo wa watoto, na bili yake unalipa, bima nyingi za Marekani hazilipi huko au zinalipa nusu nusu. Kata bima ya safari inayolipia kusafirishwa kwa dharura, mtoto akihitaji hospitali kubwa gharama ya kutolewa melini ni ya kutisha kwelikweli. Nimewahi kumuhudumia mtoto aliyerudi hivyo, wazazi wake walikuwa na bima na lile jambo moja liliwaokoa.

MamaWawili:
Asanteni sana jamani, hilo la pampasi za kuogelea sikulijua kabisa na nilishazinunua paketi mbili. Sasa uji? Naweza kubeba unga wangu nikakoroga chumbani kwa maji ya moto? Na karatasi, watoto wamezaliwa hapa, sisi wazazi tuna grini kadi.

UkhtiSoton:
Shoga mimi nipo Southampton, huku mambo yako mbali kidogo na huko. Nilipanda meli ya kampuni ya P&O na mwanangu wa mwaka mmoja, chumbani mna birika la kuchemshia maji kwa ajili ya chai, kwa hiyo mambo ya maziwa ya kopo na vyakula vya paketi raha mustarehe. Na usiku wana nasari ya watoto wa miezi 6 mpaka miaka 4, bure, mnampeleka kashavaa nguo za kulalia analala hukohuko nyie mnaenda kula kisha mnamchukua. Mara ya kwanza nilikaa nikila huku macho kwenye kile kisimu walichonipa, siku ya tatu ndo nikapata chakula changu cha moto tangu nizae.

Ila walio Uingereza wakisoma hapa wasikilize, makaratasi ya ukaazi wa Uingereza hayakuingizi Norway wala Hispania. Ukiwa bado na pasi ya Tanzania au Kenya utahitaji viza ya Schengen, na usiposhika hiyo viza unaweza kuzuiwa hapo hapo bandarini Southampton na hela hairudi. Nimemuona dada mmoja na kigari na mtoto mgongoni anarudishwa, mume na mtoto wana pasi za Uingereza yeye hana. Iliniuma mpaka leo.

MvitaMelini:
Salaam aleikum dada yangu. Mie ni wa Mombasa, nimefanya kazi ya kuhudumia vyumba kwenye meli za kitalii miaka sita, hizo za Galveston nazijua.

Uji kwanza. Meli za Marekani birika haliruhusiwi chumbani, ukilificha kwenye begi litachukuliwa mlangoni, na vyakula vya kupika nyumbani pia hawataki, ila vyakula vya watoto vilivyofungwa kiwandani paketi yake haijafunguliwa ruhusa. Kwa hiyo unga wako wa lishe wa kusaga mwenyewe uache, chukua zile nafaka za paketi za watoto (cereal) ambazo hazihitaji kupikwa, maji ya moto utapata kwenye bufee au muombe mhudumu wa chumba chako. Asubuhi bufee kuna uji wa oti, muombe mpishi akutolee usiotiwa sukari wala chumvi. Na jioni kwenye mkahawa mkubwa keti saa za mapema, mwambie mhudumu siku ya kwanza kabisa kwamba una mtoto wa kusagiwa, viazi, karoti, kuku, wanakusagia kwa blenda na kesho utakikuta tayari bila kuuliza. Hiyo kazi wengi wetu twaipenda, tumeacha watoto nyumbani.

Kitanda cha mtoto omba sasa hivi wakati wa kulipa, vipo vya kuhesabu, na chumba ni kidogo, kikifunguliwa sakafu imekwisha. Bafu ni la kusimama, hakuna pa kumkogesha mchanga, beba kile kibeseni cha kujaza upepo. Kigari kiwe chembamba cha kukunja, vile vipana mlango wa chumba havipiti na koridoo haviachwi, nimevihamisha vingi mno.

Mwezi wa tatu Galveston kuna ukungu. Mkondo wa kuingilia bandari hufungwa na meli yaweza kukaa nje masaa kadhaa, mara nyingine zaidi, kwa hiyo pampasi na maziwa hesabu siku tano kisha ongeza mbili. Na upepo wa kaskazini bado huwa haujaisha Ghuba ya Mexico, siku ya kwanza yaweza kuchafuka. Progreso msishangae gati lake, lina zaidi ya kilomita sita kuingia baharini kwa kuwa pwani ile kina ni kifupi mno, mabasi ya bure yanawapeleka mjini. Teksi za huko kiti cha mtoto hazina, mie ningekaa ufuo wa karibu na basi linaposhusha nirudi mapema. Na fuata saa ya meli, usiiamini ya simu.

Karatasi, mkitoka na kurudi bandari hiyohiyo ya Marekani, watoto raia chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa chatosha, kile cha serikali, siyo kile cha hospitali chenye alama ya nyayo. Nyie grini kadi na pasi zenu, Mexico hawaulizi viza mwenye grini kadi.

Sasa mamaako mkwe. Usimwambie meli ni kubwa, kubwa haimtulizi mtu aliyeona yale. Mwambie hivi. Ile Spice Islander ilijazwa watu kupita uwezo wake mno, na hakuna aliyekuwa na orodha ya kweli ya waliopanda. Hapa mjukuu wake wa miezi 9 analipiwa nauli yake mwenyewe, si kwa sababu anakula, ni kwa sababu anahesabiwa. Chumba cha watu wanne hakiuzwi kwa watano hata wa tano awe mchanga wa kubebwa, kwa kuwa mashua za kuokolea zimehesabiwa vichwa na kichanga ni kichwa. Anapigwa picha mlangoni na kadi yake inasomwa kila akitoka na akirudi, meli inajua kila dakika nani yumo nani hayumo. Kabla ya kung'oa nanga kila mtu lazima afike kituo chake cha kukusanyikia, asiyefika anatafutwa kwa jina. Watoto wanavishwa bangili yenye namba ya kituo hicho, ili hata akiwa klabu bila wewe kila mfanyakazi ajue wa kumpeleka wapi. Na jaketi la kuokolea la saizi ya mchanga lipo, muombe mhudumu alilete chumbani siku ya kwanza, mjaribishie, umpige picha umtumie bibi yake.

Kama mna balkoni, kitasa cha juu kifungwe wakati wote na kiti kisikae karibu na reli. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi mie kwenye vyumba vya watu.

BabaNaima:
Kaka hapo kwenye kuhesabiwa umenifungua macho, nililalamika sana kulipia nauli mtoto anayenyonya.

MamaWawili:
Nimerudi wadau. Nimepiga simu leo mchana, meli tuliyoshikilia haina sehemu ya maji ya watoto wa pampasi wala haina nasari ya kumpokea huyu mdogo, tumeiachia. Tumechukua nyingine inayotoka Galveston wiki hiyohiyo, ina nasari ya kuanzia miezi 6, chumba cha ndani deki ya tatu katikati, hakina balkoni na nimeridhika. Kitanda cha mtoto nimeomba. Bima tunakata kesho.

Mama nimemsomea maneno ya kaka wa Mombasa yote kwenye simu, polepole. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "hiyo bangili, wanamvisha mkono au mguu?" Kaka, nimjibu nini?

MvitaMelini:
Mkono mara nyingi, mchanga akiitafuna unamhamishia mguuni. Mwambie haivuki bila kukatwa kwa mkasi.