Mrejesho: mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anayeishiwa pumzi akila

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nimlisheje mzee wangu hapa Mbeya, anayehema katikati ya mlo na kukonda.

Kilichosaidia zaidi ni milo midogo 5 au 6 badala ya 3, maana tumbo likijaa linasukuma juu kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) na mapafu yanakosa nafasi. Asubuhi uji wa maziwa, bakuli dogo, na siagi ya karanga vijiko 2 vya chakula. Saa nne nusu parachichi la Tukuyu. Anapumzika kwanza, anakula ameketi wima, maji baadaye. Uzito umeacha kushuka, ila haujapanda.

Maharage yamegoma: hata yakilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, gesi inambana. Tumeweka mayai na samaki.