Mobutu aletwe nyumbani au abaki Rabat? Semeni

Jirani wa Kasapa (mwanzisha mada)

Yambo bandugu. Jumamosi tulikuwa kilioni Kenya (wageni, ni mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi ya Nairobi). Mnajua vilio vya kwetu: ikifika saa tano ya usiku marehemu ameshaachwa apumzike, watu wako kwenye siasa. Mzee mmoja mstaafu wa migodi akasema Mobutu amelala ugenini vya kutosha, serikali imlete. Kijana akamjibu, "Papa, akija utamtunza wewe." Kelele zikapanda mpaka wafiwa wakatuomba tuwaheshimu. Niliondoka na neno kooni, ndilo nalitoa hapa.

Kwa mliozaliwa juzi: Mobutu alichukua nchi hii ya Kongo (baadaye akaiita Zaire) tarehe 24 Novemba 1965 na kuikalia zaidi ya miaka 31. Vita vya AFDL, waasi wa Laurent Kabila, vilimkuta mgonjwa wa saratani ya tezi dume. Lubumbashi ilianguka Aprili 1997. Tarehe 16 Mei akatoka Kinshasa kwenda kwake Gbadolite, kutoka hapo Togo, kisha Morocco. Kesho yake Mzee Laurent Kabila akajitangaza rais akiwa hapa hapa kwetu. Mobutu akafa Rabat tarehe 7 Septemba ya mwaka uleule, akazikwa kwenye makaburi ya Wakristo. Kaburi lenyewe halina jina, lina herufi tatu tu: MSS, yaani Mobutu Sese Seko. Huyu ndiye aliyewavua baba zetu majina ya ubatizo mwaka 1972!

Oktoba 2013 rais Joseph Kabila alitangaza kwamba mabaki yake na ya Moïse Tshombe, aliyekuwa rais wa Katanga yetu ilipojitenga, yatarudishwa. Wote wawili bado wako kwa watu, mmoja Rabat, mwingine Brussels.

Msimamo wangu ni huu. Watoto wakitaka mifupa ya baba yao, wapewe, wamzike Gbadolite, hata kesho. Mama Marie-Antoinette, mke wake wa kwanza, amelala kule tangu 1977. Mtu kumzika mzazi wake haombi ruhusa ya jirani. Lakini gwaride, mizinga, bendera nusu mlingoti, siku ya mapumziko, hapana.

Mwaka 1990 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Usiku wa Mei 11 kuamkia 12 nililala Katuba kwa mama mkubwa, kwa sababu alikuwa na mfuko wa unga wa kunipa asubuhi na hakutaka niubebe gizani. Basi. Sina ushujaa wowote wa kusimulia, niliokolewa na unga wa bukari (ugali). Wenzangu walikuwa mabwenini. Waliopona wanasema umeme ulikatwa, kisha watu wenye silaha wakaingia chumba kwa chumba. Serikali ilikubali maiti mmoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia, na mpaka leo hesabu haijafungwa. Sasa aliyekuwa mkuu wa majeshi usiku ule apigiwe mizinga, mimi nisimame wima?

Mstaafu wa Kamalondo

Ni miye huyo mzee wa kilioni, na sijabadilika. Mwanangu, pole kwa yale ya chuo. Lakini na miye nina yangu. Kazi nilianza kijana, kila mwezi posho: unga, samaki wa chumvi, mafuta. Mtoto akiugua, hospitali ya kampuni, hulipi hata likuta. Mke akijifungua, vilevile. Usiku nilitoka Kamalondo na baiskeli mpaka Katuba kwa bakwe zangu, hakuna wa kunigusa. Leo saa moja jioni nafunga mlango na kufuli mbili. Watu wa Bukavu na Goma wakisikia jina Zaire wanakumbuka nchi moja, haina vikundi vya silaha kila kilima. Yule alikuwa chui, sawa. Lakini kwenye pori la chui fisi hawachezi.

Jirani wa Kasapa

Papa, shikamoo yako iko palepale, lakini posho si ya Mobutu. Ilianza na Wabelgiji wa Union Minière, kampuni ya migodi, yeye aliikuta jikoni inachemka. Kampuni ikawa ya nchi mwaka 1967, vizuri, wote tulipiga makofi. Katikati ya miaka ya 80 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika 50,000. Kati ya hapo na hapo kuna mgodi wa Kamoto ulioporomoka mwaka 1990, kuna mashine zilizokosa vipuri, na kuna feza zilizopanda ndege bila kurudi. Unaililia sahani, Papa, na aliyeila nyama ndiye unayetaka tukamlete.

Mama wa Ruashi

Mnasema chuo, mnasema posho, hakuna anayesema stesheni. Mimi nimezaliwa Likasi, baba yangu alizaliwa Likasi, babu ndiye aliyetoka Kasai kuitwa kazini na Wazungu. Mwaka 1992 tukaambiwa turudi "kwetu". Tuliitwa bilulu, wadudu, redioni na sokoni. Tulilala stesheni wiki nyingi tukingoja treni. Mdogo wangu wa miezi minane tulimzika kando ya reli, na mahali penyewe siwezi kupaonyesha leo. Waliotufukuza walikuwa majirani na viongozi wa hapa, nakubali, lakini rais alikuwa nani? Étienne Tshisekedi, Mkasai mwenzetu, alipochaguliwa waziri mkuu na Mkutano wa Taifa, Agosti 1992, yule mtu alipenda sana kuona Wakatanga na Wakasai wanatafunana. Jeshi alikuwa nalo. Angetaka kuzuia angezuia.

Akirudi sitaandamana. Nitafunga duka siku hiyo, nikae ndani.

Kijana wa Bel-Air

Wazazi, kwa heshima zote. Nimezaliwa 2001. Mobutu kwangu ni picha kwenye noti za zamani ambazo babu anaweka ndani ya Biblia. Hapa tuna siku tatu hakuna umeme, na shaba inapita mbele yetu kwenye malori kwenda mpakani Kasumbalesa usiku na mchana. Mkisha kuamua kuhusu mifupa, mtuite.

Jirani wa Kasapa

Mwanangu, malori hayo yanakupita kwa sababu kuna watu walizoea kwamba mali ya nchi ni ya mkubwa. Waliizoea wapi? Anza hapo, utajikuta kwenye mifupa bila kuitwa.

Mtoto wa Kambi Vangu

Nimesoma nikanyamaza, sasa nitasema, na mtanitukana.

Baba yangu alikuwa askari, mtu wa Équateur, mkoa wa Mobutu. Mimi nimezaliwa hapa kambini Vangu, Lingala naongea kwa shida, Kiswahili ndicho cha ndotoni. Mwaka 1997 sisi hatukuwa na Morocco ya kukimbilia. Baba alivua sare akaichoma nyuma ya nyumba, na mpaka anakufa hakuwahi kusema hadharani alifanya kazi gani. Kwetu Mobutu hakutupa kitu. Alituacha na aibu, akaondoka na ndege. Kwa hiyo msinihesabu kati ya wanaomlilia.

Lakini nyie watu wa Lubumbashi, mnajiona safi? Pale mbele ya Posta mmemsimamisha nani? Moïse Tshombe, sanamu, suti yake na kila kitu, watoto wanapiga picha. Na Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliuawa wapi? Shilatembo, hapo porini kwenu, tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Mobutu na wenzake wa Kinshasa walimtuma amefungwa kamba, Tshombe na wenzake wakampokea, Wabelgiji wakiangalia. Mwenye kutuma mnamnyima mizinga, mwenye kupokea mnampa sanamu. Nielezeni hesabu hiyo mimi mtoto wa askari, nisiyesoma chuo.

Jirani wa Kasapa

Ndugu yangu, nimekaa na swali lako tangu mchana.

Ningeweza kukujibu kwamba Tshombe alitawala Katanga miaka isiyozidi mitatu, na kwamba yeye mwenyewe alitekwa angani mwaka 1967 akafia kizuizini Algiers mwaka 1969, kwa hiyo amelipa. Hayo yatakuwa maneno ya wakili. Ukweli ni kwamba baba yangu alimpenda, nami nimepita mbele ya sanamu ile mara mia bila kuuliza kitu, kwa sababu ni "wetu". Wewe umeniuliza. Sina jibu zuri. Nikisema mizinga hapana kwa mmoja, basi siku Moïse akitoka Brussels nisimame hapohapo, nisitafute kiti.

Juzi juzi tu, Juni 2022, Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba. Jino moja, ndani ya jeneza zima. Lilipitishwa Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Wazee wazima walilia. Mobutu ana mwili kamili, ana ukuta na mlango unaofungwa. Ndiyo maana nasema kurudi si tatizo langu, tatizo ni kelele za kumpokea.

Wakili asiye na kofia

Umenigusa kwa hayo "maneno ya wakili", ndugu, lakini nakusamehe. Nataka kuongeza jambo ambalo kilioni hawakulisema: marehemu harudi kama aliye hai.

Bokassa, mtawala wa zamani wa Afrika ya Kati, alirudi Bangui Oktoba 1986 kwa miguu yake, akidhani watu watampokea kwa ngoma. Walimkamata. Alihukumiwa kifo mwaka 1987, adhabu ikapunguzwa, akafunguliwa 1993, akafa 1996. Mwenzetu huyo, kutoka Gbadolite unavuka tu Ubangi kufika nchi yake. Mnaweza kumchukia au kumhurumia, lakini mashahidi walipanda kizimbani, mama waliofiwa walisikilizwa, mambo yakaandikwa. Duvalier, dikteta wa zamani wa Haiti, alirudi kwao mwaka 2011, akafa 2014 kesi haijaisha. Hata hiyo ni afadhali kidogo. Marcos, dikteta wa Ufilipino, alirudi kwao akiwa maiti mwaka 1993, na 2016 akazikwa makaburi ya mashujaa, wakati watu aliowatesa bado wako hai wanaandamana nje. Maiti hahojiwi. Anapokewa tu.

Kwa hiyo swali la kweli lilikuwa la 1997, nalo lilipita. Na hata feza: Uswisi ilishikilia akaunti zake miaka 12, Kinshasa ikizembea, kesi ikaonekana imepitwa na muda. Mwaka 2009 wakafungua, faranga za Uswisi karibu milioni 7.7, zikaenda kwa warithi. Nzanga, mwanawe, alikuwa waziri serikalini wakati huohuo. Nchi iliyoibiwa na mrithi wa mwizi walikaa meza moja ya baraza, na bado tunabishana kama mzee aletwe! Ameshaletwa kitambo. Kilichobaki Morocco ni mifupa.

Halafu mkumbuke Mulele, kiongozi wa waasi. Mwaka 1968 alikuwa Brazzaville, uhamishoni. Mobutu akamwahidi msamaha, waziri wake akavuka mto kumchukua, wakanywa pamoja. Siku chache baadaye, Oktoba, akauawa kwa mateso, na hana kaburi. Ukitaka kujua Mobutu mwenyewe aliamini nini kuhusu kurudi kwa waliokimbia nchi, ni hapo.

Mama wa Ruashi

Hayo ya Mulele sikuyajua hivyo. Kimba nilimjua, mtoto wa Katanga, aliyekuwa waziri mkuu mzima, alinyongwa Kinshasa mbele ya umati mwaka 1966, wiki ya Pentekoste. Mama yangu alisema siku ile redio iliwashwa kila nyumba na hakuna aliyekula.

Mstaafu wa Kamalondo

Bandugu, nimesoma yote, mjukuu alinisomea maana macho ni ya zamani. Mama wa Ruashi, mwanangu, mwaka ule nilikuwa Likasi kikazi. Niliona stesheni. Nilipita na baiskeli. Sikusimama. Hilo tu nilitaka ulisikie kutoka kwa mtu.

Kuhusu Marshali Mobutu, bado nasema aletwe. Usiku, kama mnataka, bila ngoma. Mtu wa kwetu halali nchi ya watu, hata akiwa mbaya, maana nani atamgombeza huko? Hapa tutapita kaburini tumwambie.

Lakini kuna kitu kinanisumbua na hakuna aliyekijibu. Kabila mtoto aliahidi wote wawili, Mobutu na Tshombe. Mahakama ya Mobutu ilimhukumu Moïse kifo mwaka 1967 bila yeye kuwepo. Sasa serikali yetu najua mfuko wake. Watatuma ndege moja. Itaanza Rabat, itapita Brussels. Nani atakubali kukaa karibu na nani?