Tumepigwa Hallstatt: wanauza "siku nzima ziwani", mnapewa muda wa kupanga foleni ya picha

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi ni wa hasira. Anayetaka kusifia mandhari ya Austria atafute uzi mwingine, ziko nyingi.

Kuna kampuni ya mabasi ya utalii hapa Vienna (jina nalihifadhi, mods msije mkanifungia uzi) inauza safari ya kwenda na kurudi Hallstatt, kijiji cha kando ya ziwa huku huku Austria. Tangazo linasema "siku nzima kando ya ziwa, katikati ya milima". Basi likaondoka saa moja asubuhi, njiani likatushusha kwenye duka la chokoleti ambalo hakuna aliyeliomba, tukafika kijijini saa tano na nusu. Mtembeza wageni akashika kipaza sauti: saa nane kamili wote muwe kwenye basi, atakayechelewa atajijua. Hiyo ndiyo siku nzima! Siku nzima tumeimalizia kwenye viti vya basi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Nilikuwa na shangazi yangu, amekuja kututembelea kutoka Kigoma. Shangazi hana habari na picha. Nilimweleza kwamba ule mji umekula na kuvaa kwa chumvi, kwamba mlimani pale watu wameanza kuchimba chumvi miaka kama 7,000 iliyopita, akachangamka palepale, maana Uvinza, mkoani kwao Kigoma, chumvi ni habari ya mababu. "Basi nipeleke nikaione hiyo chumvi ya Wazungu." Ndiyo sababu pekee tukakata tiketi.

Chumvi hatukuiona hata punje, labda ile ya kwenye vifuko dukani. Mgodi uko juu ya mlima. Unapanda kijitreni cha kamba, unatembea tena kwa mguu hadi mlangoni, unapewa mavazi ya mgodini, unaingia ndani kwenye baridi, unateremka kwa kuserereka kwenye magogo laini ya urefu wa mita 64, unaonyeshwa ngazi ya mbao ya mwaka 1344 KK ambayo chumvi imeitunza hadi leo. Ukijumlisha foleni ya tiketi, kupanda, kuzungushwa ndani na kushuka, saa tatu zinakwisha hivi hivi. Wao wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi, kila wiki wako pale. Lakini kwenye tangazo wameweka picha ya mgodi, kubwa! Chini kwa herufi za kusoma na darubini wameandika kwamba kiingilio cha mgodi hakimo kwenye bei. Hawakuandika kwamba hata muda wa kuufikia haumo.

Tukapelekwa wapi? Pale pa picha. Mnapajua hata kama hamjafika: kanisa lenye mnara uliochongoka, nyumba za mbao zimebanana ukingoni mwa maji, mlima nyuma. Kijia chenyewe chembamba, kinapita mbele ya milango ya watu, na vibao vya kuomba utulivu vimebandikwa. Nani anasoma kibao? Kila mtu mkono juu na simu yake. Wakazi wa kijiji kizima hawazidi mia nane, na siku za msimu wageni hufika 10,000 kwa siku. Mwaka 2023 walisimamisha uzio wa mbao kuziba hiyo sehemu ya picha, mitandaoni zikapigwa kelele, wakautoa. Agosti ya mwaka huohuo wakazi wakaandamana na kuziba barabara ya kwenye handaki. Mimi ningekuwa mwenye nyumba pale, uzio wa mbao nisingejenga. Ningejenga ukuta wa zege. (Wachina walishajenga nakala ya kijiji hiki kule Guangdong mwaka 2012. Kwa safari ya aina hii, ile nakala ingetutosha kabisa.)

Kitu kimoja tulikiona sawasawa, na tulikiona kwa kumtoroka mtembeza wageni. Juu, karibu na kanisa la Wakatoliki, kuna kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli, na ndani yake nyumba ya mafuvu. Mafuvu zaidi ya 1,200, na kama nusu yake yamepakwa rangi: jina la marehemu, maua, majani. Eneo la makaburi ni kidogo, limebanwa na mwamba, hivyo zamani marehemu alizikwa kwa miaka kadhaa, kisha mifupa ikatolewa ili mwingine apate nafasi. Fuvu la mwisho liliwekwa 1995, la mama aliyefariki 1983. Shangazi alikuwa na maswali chungu nzima: nani alikuwa anapaka rangi, familia zilikubali vipi, padri alisema nini. Wa kumjibu hayupo, yuko chini kwenye kivuli na aiskrimu. Tukiwa bado ndani akanipigia simu, fanyeni haraka. Ngazi za pale ni nyingi na magoti ya shangazi si ya jana. Tulipofika chini akaanza kutupigia makofi eti twende twende. Shangazi akasimama. "Kijana, mimi sikimbizwi." Kwa Kiswahili, na naapa alielewa.

Na basi halikuondoka saa nane! Tulikaa ndani karibu nusu saa tukiwasubiri waliokwenda kula kwenye mgahawa ambao mtembeza wageni mwenyewe aliwaelekeza. Kwamba ana chake pale, sina ushahidi. Nasema tu kwamba wale walisubiriwa.

Nimewaandikia barua pepe. Jibu: muda wa kukaa umetajwa kwenye masharti.

Kwa mnaopanga kwenda, panda treni mwenyewe. Ukitokea Vienna unabadilisha Attnang-Puchheim, unashuka kituo cha Hallstatt ambacho kiko ng'ambo ya ziwa, na kivuko kinakuwa kinasubiri treni. Dakika kama kumi majini, mji unakuja mbele yako taratibu. Hicho ndicho alichostahili shangazi. Ondoka na treni ya alfajiri, nenda mgodini moja kwa moja kabla mabasi hayajamwaga watu, na ulizia mapema kivuko cha mwisho ni saa ngapi. Mwenye uwezo alale hapohapo.

Sasa naomba msaada wa wadau mlioko Austria na Ujerumani. Kuna aliyewahi kudai hela yake kwa kampuni za namna hii akarudishiwa? Alianzia wapi, chama cha kutetea walaji au benki iliyotoa kadi? Tangazo nimelipiga picha, lile lenye mgodi. Wa kuja kuniuliza "kwani masharti hukusoma?" mpite tu, shangazi yuko hapa pembeni anasoma majibu.