Dar–Dodoma: gari, basi, SGR au ndege, hewa ukaa ya nani ni nyingi?

Mkazi wa Kimara: Wakuu, ofisini tunapanga safari za Dodoma na nataka hewa ukaa iingie kwenye hesabu, isiwe nauli na muda tu. Barabara ni kama kilomita 450. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakula lita 45, yaani zaidi ya kilo 100 kwa kwenda tu. Mnaonaje?

Fundi Dizeli: Mkuu, hujasema mmepanda wangapi. Ukiwa peke yako, kilo 100 zote ni zako. Mkiwa wanne, kila mmoja ana 25. Chukua basi: likila lita 150 za dizeli, na kila lita ni karibu kilo 2.7, linatoa kama kilo 400. Gawanya kwa abiria 50, inabaki kilo 8 kwa mtu. Likienda nusu tupu, ni 16.

Binti Ruvu: SGR kwanza! Yetu ni ya umeme, si kama ya Mombasa–Nairobi inayovutwa na vichwa vya dizeli. Umeme wenyewe unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia. Gesi inaungua, sikatai, ila Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 za maji. Treni inafika Dodoma tangu 2024, msafara wa mashangingi matano wa nini?

Msafiri wa Anga: Ndege naiweka mwisho, safari fupi mafuta mengi yanaishia kwenye kupaa. Lakini msimpime mtu kwa safari moja. Watafiti Gössling na Humpe walikadiria mwaka 2020 kwamba asilimia 1 ya watu duniani ndio wanaosababisha nusu ya hewa ukaa ya ndege za kibiashara. Wengi hawapandi kabisa.

Mama Mbagala: Hapo ndipo ninapoumia. Muuza mboga anayesimama kwenye daladala anaambiwa apunguze, sawasawa na bosi anayekwenda Dodoma kila wiki peke yake kwenye V8. Anzeni na bosi.

Mkazi wa Kimara: Umenena, mama. Nitapanga jedwali kwa mtu na kwa mwaka, si kwa chombo. Fundi, ulaji wa V8 niuweke ngapi?

Fundi Dizeli: Usikisie. Jaza tanki Dar, jaza tena ukifika Dodoma, lita za risiti ya sheli ya pili zidisha kwa 2.7 kama ni ya dizeli.