Homa baada ya mshtuko wa moyo: ni moyo wenyewe au ni maambukizi?

Binti Mkubwa: Habari zenu. Baba yangu, mwenye miaka 71 na kisukari, alipata mshtuko wa moyo, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Siku za mwanzo alipata homa ndogo, tukaelezwa kuwa inatokana na msuli wa moyo ulioumia, nayo ikatulia. Leo, siku ya sita, imepanda hadi nyuzi 38.9, anatetemeka na kukohoa makohozi ya njano. Ndugu wengine wanasema ni homa ileile, tusubiri. Je, tusubiri?

Muuguzi wa Moyo: Pole sana, dada. Msisubiri hata kidogo. Mwiteni daktari wa zamu, na kama mmesharudi nyumbani, mrudisheni hospitali sasa hivi. Homa ya msuli ulioumia huwa ndogo na huisha yenyewe, lakini inayorudi kwa kishindo ichukuliwe kuwa maambukizi mpaka vipimo vikanushe. Moyo uliodhoofika huacha maji yajikusanye mapafuni, na mgonjwa anayelala muda mrefu bila kukohoa vizuri hupata nimonia kwa urahisi, hasa mwenye kisukari. Atahitaji picha ya kifua, na damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ingawa dawa isicheleweshwe kwa kungoja majibu.

Mtunza Mama: Kwa mama yangu chanzo hakikuwa mapafu. Palipokuwa na kanula, yaani kijibomba cha kupitishia dawa mshipani, ngozi ilikuwa nyekundu na ya moto, na mshipa umekakamaa kama kamba chini ya kidole. Mwangalieni pia kinenani au kwenye kifundo cha mkono walipopitishia mrija wa kuzibua, na ulizeni kila siku kama mrija wa mkojo bado unahitajika.

Daktari wa Zamu: Nakubaliana nao. Maambukizi huulazimisha moyo kwenda mbio wakati hauna nguvu, na kwa mzee kuchanganyikiwa ghafla kunaweza kutangulia hata homa. Kwa homa mpeni parasetamo, si diklofenaki wala ibuprofeni, kwani hizo huongeza hatari kwa moyo na ya kutokwa damu. Aspirini na dawa nyingine ya kuzuia damu isigande kwenye stenti zisikatishwe bila amri ya daktari wake, kwa sababu stenti inaweza kuziba. Akipona, ulizieni chanjo ya mafua: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliochanjwa muda mfupi baada ya mshtuko wa moyo walifariki kwa uchache zaidi katika mwaka uliofuata.